Zamu ya Arsène Kusifiwa

Aliyemfungia Fadiala mikrofoni kwenye kora yake alikuwa Arsène mwenyewe, kwa mikono yake miwili, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Angemwacha tu yule Mmali na kibuyu chake cha nyuzi kisichosikika kupita meza ya tatu, watu wa mtaa wa Kikula wangeendelea kujua ni nani bwana wa nyuzi mjini Likasi, Katanga. Lakini Arsène alikuwa na roho ya fundi, na fundi akiona kitu kizuri kinanong'ona hatulii mpaka akifanye kipige kelele. Akang'oa mikrofoni ya gitaa lake la zamani, akaifunga kwa mpira wa baiskeli ndani ya tundu la kibuyu, akavuta waya hadi kwenye amplifaya. "Piga," akamwambia. Fadiala akapiga. Nyuzi ishirini na moja zikaijaza buvette, ile baa ya Mama Hélène, mpaka barabarani, waliokaa wakasimama, waliosimama wakasahau bia zao. Tangu Jumapili hiyo Arsène hakujua tena usingizi mtamu.

Huyo Fadiala alitoka Kita, huko Mali. Lakini Likasi ya wakati ule kila mtu wa Afrika Magharibi aliitwa Msenegali, atake asitake, naye alikwisha kuzoea. Alikuja na tajiri mmoja aliyekuwa akinunua malakiti, yale mawe ya kijani ya shaba, na kazi yake ilikuwa kumwimbia tajiri huyo kila asubuhi ili aingie dukani na kifua mbele. Duka lilipoporwa katika ule uporaji wa mwaka tisini na moja, tajiri alipanda ndege, akamwachia mwimbaji wake kanzu mbili na kora. Kwao mtu kama Fadiala huitwa jeli. Hajifunzi kazi, anazaliwa nayo. Humsifu mtu kwa kumtajia baba yake, na babu yake, na babu wa babu yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtu yule ajisikie ukoo mzima umesimama nyuma yake. Anayesifiwa hutoa alicho nacho, na kunyima ni aibu.

Magloire, mwimbaji na mkubwa wa orchestre, yaani bendi, ya Étoile ya Panda, alimchukua bila kuuliza mara mbili. Mwanzoni kora ilikaa pembeni ikidonoadonoa. Baada ya mwezi ilikwisha kuingia ndani ya rumba kabisa, na wimbo ulipofika pale sebene inapoanza, gitaa linapokimbia na watu wanacheza, pale ambapo kwa miaka kumi na miwili watu walikuwa wakiita "Arsène! Arsène!", sasa waliita jina lingine. Arsène alitabasamu huku akipiga. Kutabasamu hakumzuii mtu kusaga meno.

Na hilo la sebene angelivumilia. Lililomshinda ni sifa.

Jamani, tukumbuke siku zile zilivyokuwa. Kampuni ya migodi ilikuwa imekufa imesimama. Wanaume waliokuwa wasimamizi viwandani, wenye kofia nyeupe na kalamu mfukoni, sasa waliuza mafuta ya taa kwa chupa. Mtu kama huyo alikuja kwenye matinée ya Jumapili, saa tisa mchana, kichwa chini, akaketi na chupa moja ya watu wanne. Fadiala alikuwa akishuka jukwaani na kora yake shingoni, anasimama mbele yake, anaanza: fulani, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani aliyevuka mto fulani. Majina alikuwa ameyatafuta katikati ya wiki kwa shangazi na majirani. Mzee yule alinyoosha mgongo, kisha alitoa alichokuwa nacho akampa. Mmoja alimpa kipande cha sabuni, mmoja kitenge cha mkewe, mmoja saa ya mkononi iliyosimama tangu zamani. Jioni alirudi nyumbani akitembea kama direkta.

Fadiala alimsifu Magloire. Alimsifu mpiga ngoma. Mama Hélène alimsifu mara mbili, na mara ya pili mama wa watu alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Alimsifu hata muuza karanga wa mlangoni. Miezi mitano ikapita, na Arsène, aliyemfungia mikrofoni, hakutajwa hata kwa herufi moja.

"Minye sina baba?" siku moja alimuuliza, akijifanya anatania.

Fadiala alikuwa anavuta pete za ngozi shingoni mwa kora, akiisawazisha uzi mmoja mmoja. "Grand, jina ya baba haiko kintu ya kuokota ku njia," akajibu kwa Kiswahili chake cha kuazima. "Yako ninatafuta. Doucement, polepole."

Anatafuta! Za muuza karanga alizipata kwa siku mbili.

Sasa lazima niseme jambo ambalo Arsène alilijua vizuri na wivu ukalifunika. Mwaka tisini na mbili, wakubwa walikuwa wanasema redioni kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na wenye asili ya Kasai warudi kwao. Vijana wa chama chao walipita mtaa kwa mtaa, leso nyekundu kichwani, wakiuliza swali moja tu: baba yako mtu wa kijiji gani? Arsène alikuwa na jibu lake. Aliitwa Ilunga, na jina hilo Waluba wa Katanga wanalo, na Waluba wa Kasai wanalo vilevile. Alijibu, "Malemba-Nkulu," ambako ni Katanga, wakapita. Ukweli ni kwamba baba yake, Ilunga mwana wa Tshimanga, alitoka Mwene-Ditu kwenye Kasai, akaja na reli, akazaa na akafa mtaani Panda, Likasi. Arsène hakuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Lakini alikuwa na miaka tisa siku baba yake alipozikwa, na bibi mmoja alisimama kaburini akaimba kasala, yale majina ya sifa ya Waluba, akimwita marehemu kwa baba zake wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja jina la mzee wake kwa sauti. Hamu hiyo ilikaa ndani yake kama njaa, na kila Fadiala alipomwimbia mwingine, njaa ilizidi.

Ndipo jirani yao Georgette, mwanamke ambaye habari haikai tumboni mwake, alipomsimamisha kisimani.

"Baba Tina, ule Musenegali yenu anakuyaka kwako sana. Weye ukiendaka ku répétition ya orchestre, yeye anaingia. Mi sisemi kintu, ninaona tu."

Arsène alifika nyumbani damu ikiwa imempanda machoni. Mkewe Eugénie alikuwa uani anapepeta unga, na binti yao Tina alikuwa shuleni. Eugénie alikuwa Msanga, mwenyeji halisi wa nchi ile, mwanamke wa maneno machache, na machache hayo huwezi kuyarudisha.

"Mama Tina, ule muntu anakuya hapa kutafuta nini?"

"Anakutafuta weye."

"Minye niko ku répétition! Anayua!"

"Njo maana anakuya ile saa." Akaweka ungo chini. "Anatafuta majina ya ba baba yako. Iko anataka kukuimba dimanche, ku matinée."

Hasira ilimwishia Arsène pale pale, kama mtu aliyefunguliwa mshipi. Akaketi kwenye ndoo. "Na weye ulimuambia nini?"

"Nilimuambia bya kuambia." Eugénie alimwangalia usoni. "Sikia, baba Tina. Bale batoto ba leso balipita tena kwa Georgette. Baliuliza juu yako, haiko mara moja. Dimanche, Fadiala ataimba, weye utapiga gitaa yako, utanyamaza, utafurahi. Hata usikie nini, unyamaze. Na baba yangu atakuya."

"Baba yako? Mu buvette?"

"Nilimupigia magoti. Alikubali. Usiniulize mingi."

Mzee Kyembe, baba yake Eugénie, alivunja mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Kakontwe miaka thelathini, na watu wa Kikula walimheshimu kuliko padri. Arsène alipokwenda kuposa, mzee alimwambia mbele ya washenga kwamba mpiga gitaa ni mtu asiye na kazi, akamzungusha miaka miwili. Arsène hakumsamehe. Walisalimiana kwa mikono miwili na moyo nusu.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza: huyu mzee asiyekanyaga baa, kinachomleta ni nini? Arsène alikwenda kupiga pasi shati.

Jumapili ilifika, umeme wa bwawa la Mwadingusha ukawa na adabu siku hiyo, haukukatika hata mara moja. Buvette ilijaa. Mzee Kyembe aliketi mbele, amevaa koti lake la Pasaka, fimbo katikati ya magoti, chupa ya Fanta mbele yake haijaguswa. Eugénie alisimama nyuma yake. Mlangoni walisimama vijana wanne wa leso nyekundu, mikono kifuani. Arsène aliwaona, akawaonea huruma kidogo: na ninyi mtasikia leo.

Wimbo wa tatu ulipofika kwenye sebene, Fadiala aliinua mkono. Ngoma zikashuka. Akamgeukia Arsène, akainama, na kora ikaanza kutiririka chini ya sauti yake. Alianza kwa Kimandinka, lugha ambayo hakuna aliyeielewa na kila mtu aliisikia mwilini. Halafu akaingia kwenye Kiswahili.

"Arsène! Mikono ya dhahabu!"

"Eeeh!" watu wakaitika.

Arsène alikuwa akilipiga gitaa kwa vidole visivyo vyake.

"Arsène, mutoto ya nyumba ya Kyembe! Kyembe, mutoto ya Kilolo! Kilolo, mutoto ya Mulowayi, mwenye kuyeyusha shaba wakati Muzungu hayakuzaliwa! Muto ya Lufira inamuyua! Hii bulongo tunakanyaga inamuyua!"

Mzee Kyembe akasimama. Akatembea polepole na fimbo yake mpaka mbele ya jukwaa, akanyoosha mkono wake uliokwaruzwa na mawe, akauweka juu ya bega la Arsène, mbele ya Kikula nzima. Vijana wa mlangoni waliangaliana. Mmoja wao, mkubwa wao, alitikisa kichwa kukubali, akamnong'oneza mwenzake, na mikono ikashuka kutoka vifuani. Eugénie alifumba macho, akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia kwa wiki mbili.

Kila mtu mle ndani aliona kilichotokea isipokuwa mmoja. Arsène aliona mwizi. Aliona mzee aliyemnyima heshima miaka yote amekuja kuchukua na hii iliyobaki. Miezi mitano amengoja, jina linakuja, halafu linakuja la mtu mwingine! Magloire aliimbiwa baba yake. Muuza karanga aliimbiwa baba yake. Yeye peke yake apewe baba wa kuazimwa, tena huyu? Wivu ulimziba masikio, maneno ya mkewe yakapotea kama hayakusemwa. Akasukuma mkono wa mzee, akashika mikrofoni ya Magloire.

"Hapana! Acha! Haiko vile!" Ngoma zikanyamaza. "Ule haiko baba yangu! Minye niko mutoto ya Ilunga! Ilunga mutoto ya Tshimanga! Tshimanga, mwana wa Mbombo, wa Mwene-Ditu! Uniimbie baba yangu!"

Watu wa meza za karibu na mlango wakaanza kuvuta viti vyao mbali na wale vijana wa leso.

Fadiala alimwangalia Eugénie. Eugénie alitikisa kichwa: usiimbe. Lakini jeli ana sheria yake, na haiko mikononi mwake. Mtoto akimtaja baba yake kwa sauti mbele ya jeli, jeli hawezi kulidondosha jina hilo chini. Fadiala alifumba macho, vidole gumba vyake vikarudi kwenye nyuzi, akalichukua.

Na aliimba, ndugu zangu. Wale waliokuwapo wanasema hakuwahi kuimba vile, wala kabla wala baada. Alimwita Tshimanga na Mbombo, aliwapandisha treni, akawashusha Panda, akamweka Ilunga juu ya reli na nyundo begani. Arsène alipiga gitaa machozi yakimwagika hadi kwenye nyuzi. Alimwona baba yake. Alipiga sebene ambayo alikuwa akiitafuta miaka kumi na miwili, na safari hii kora ndiyo iliyomfuata nyuma.

Alipofumbua macho, uwanja wa kuchezea ulikuwa mtupu. Koti la Pasaka halikuwapo. Eugénie hakuwapo. Magloire alikuwa amepiga magoti nyuma ya amplifaya anang'oa nyaya, bila kumtazama mtu. Mlangoni wale vijana walikuwa bado wamesimama, wametulia, wakimwangalia kama mtu anayesoma namba ya nyumba ili asiisahau. Kisha nao wakaondoka.

Fadiala alimfuata mpaka nje, kora kifuani.

"Grand, ile majina madame njo alinipa. Alisema, funika bwana yangu. Kwetu jeli anaweza kufunika muntu mu jina ya wengine, kama mvua inanyesha. Nilitafuta na yeye siku mingi juu iingie muzuri. Lakini mwenyewe ukiita baba yako, minye sina ruhusa ya kunyamaza. Unisamehe."

Hapo Arsène alielewa. Nasema alielewa, maana aliniambia mwenyewe baadaye kwamba aliielewa hatari yote, kichwa hadi mguu. Na bado, badala ya kukimbia nyumbani, alimshika Fadiala kanzu.

"Useme kweli. Magloire ulimuimba kupita minye?"

Yule Mmali akaibandua mikono ile kutoka kwenye kanzu yake. "Hapana, grand. Weye njo nimeimba kupita bote."

Arsène akarudi nyumbani akiwa na furaha. Aibu iliyoje, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitembea njia nzima akipiga mluzi wa sebene yake.

Alimkuta Eugénie anakunja nguo za Tina na kuzifunga kwenye kitenge. Kaka zake wawili walikuwa nje na mkokoteni, wamempa mlango migongo. Jiwe la kwanza lilikuwa limekwisha kutua juu ya bati, na mtaani watoto walikuwa wakiimba "bilulu, bilulu", wadudu, jina walilofundishwa kuwaitia watu wa Kasai.

"Tuende bote kwa baba yako," Arsène akasema. "Siku mbili, tatu, mpaka itulie. Mama Tina. Atatuficha."

Eugénie alimaliza kufunga fundo kabla ya kujibu. Hakupandisha sauti.

"Na kinywa gani nitamuomba? Alikuya mu buvette, yeye mwenye hanywake hata pombe. Aliweka mukono juu yako mbele ya batu. Nilikupa baba yangu, Arsène. Weye ukamutupa mu micro."

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu amwite kwa jina lake badala ya baba Tina. Akabeba kitenge kichwani, akamshika mtoto mkono, akatoka. Arsène alisikia gurudumu la mkokoteni likilia mpaka kona ya Georgette, halafu hakusikia tena.

Siku ya tatu alikuwa kwenye kituo cha treni, pamoja na maelfu ya watu wa Kasai waliofukuzwa kama yeye. Watu walikuwa wametandaza mikeka juu ya changarawe hadi mbali, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, ambako nusu yao hawakuwahi kufika. Gitaa lilibaki nyumbani, na nyumba ilikuwa ya mtu mwingine tangu jana yake. Bwana mmoja mzee, karani wa zamani, alimsogezea nafasi kwenye mkeka akamuuliza ni mtoto wa nani.

Arsène alinyoosha mgongo. Akamtajia wote, kwa Kitshiluba chake cha Panda: Ilunga, na Tshimanga, na Mbombo, na Mwene-Ditu.

Karani alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Tshimanga gani?" akauliza. "Hapa peke yake tuko na ba Tshimanga saba." Akawaita wengine, wakaulizana, wakacheka kidogo jinsi alivyotamka, bila ubaya, na hakuna aliyewajua watu wake. Wakampa maji, wakarudi kwenye mambo yao.

Mkeka wa pili kulikuwa na mwanamume mwembamba, kipara, ambaye kwenye kukimbia alibeba redio iliyoharibika akasahau sufuria. Mkewe alikuwa akimgombeza juu ya sufuria hiyo tangu asubuhi, mbele ya watu, bila kupumzika, huku akimfunga kitambaa kwenye kidonda cha mguu. Mwanamume aliinamisha kichwa, akikubali kila neno. Arsène aliwatazama mpaka jua likazama, na maishani mwake hakuwahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea yule.